Mwanasiasa madhabahuni: kura inaingiaje, inatokaje

Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha Wakristo ni takriban asilimia 85, Waislamu asilimia 11. Kwa hiyo mgombea urais hapati kura nyingi kwa kuwa Mkristo tu. Wapinzani wake karibu wote ni Wakristo. Anachouza ni bidii ya imani: anapiga magoti hadharani, ananukuu mistari, anachangia harambee ya paa la kanisa. Mpiga kura asiyeweza kukagua rekodi yake huchukua hayo kama dhamana ya uaminifu. William Ruto alifanya hivyo kuliko wote, akashinda 2022 kwa asilimia 50.49.

Hata hivyo, kabila na bei ya unga vilikuwa na uzito, na sioni haki kuyapa maombi sifa yote.

Shida ya dhamana hiyo ni kwamba hudaiwa. Muswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kuongeza kodi, ulipozua maandamano, vijana waliwakasirikia pia viongozi wa dini waliopokea bahasha za wanasiasa. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Ruto kwa kanisa la Soweto: shilingi 600,000 za kwaya na wamisionari watoto, na milioni 2 za nyumba ya padri. Naliheshimu sana tendo hilo. Kanisa Anglikana lilikuwa limewazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu Septemba 2021.

Ukitaka kumpima mgombea, uliza fedha ya harambee imetoka wapi, kisha linganisha na mshahara wake.