Mkate wa sinia: hatimaye matundu mpaka katikati

Umetoka! Nimeukata katikati, pale pale ambapo siku zote kisu kilitoka kimepakaa utando mzito, na leo kimetoka kikavu. Matundu yameanzia chini yakapanda hadi juu, kati na pembeni sawasawa. Ndio mkate wa sinia wa mchele, tui na iliki, kama aliokuwa akiupika Bibi kule Kibokoni, Mombasa. Nimempelekea mama mdogo kipande kingali moto, akakila amesimama mlangoni.

Mambo ya kuroweka mchele na kukuna nazi sitayaeleza kwa kirefu. Shida yangu ilikuwa kati. Pembeni mkate unaiva na kushika rangi, kati unabaki mbichi, umeshikana, unanata menoni. Nilipunguza tui, nikaongeza hamira, nikauacha uumuke zaidi, ukafura mpaka ukingoni kisha ukazama wenyewe kabla haujaona moto. Inaudhi sana kuona nazi nzima, na iliki kwa bei ya siku hizi, vikienda kwa kuku.

Mchele hauna ule mnato wa ngano unaovutika ukashika hewa. Povu la hamira linashikiliwa na uzito wa rojo tu. Rojo likiwa jepesi, povu linapanda na kupasuka. Likiwa zito mno, halipandi kabisa. Tena wanga wa mchele mbichi hauyeyuki, unatuama. Kwa hivyo rojo linaumuka huku linajitenga, juu jepesi, chini zito, na hakuna kijiko cha tui kinachoweza kurekebisha hilo.

Jibu nimelipata nikiwa nasoma, wala si kitabu cha mikate. Ni kumbukumbu za utoto za Madhur Jaffrey, mwandishi wa mapishi aliyezaliwa Delhi mwaka 1933. Huyu alipokwenda London kusomea uigizaji hakujua kupika, akawa anamwandikia mamake, na mamake anamjibu kwa barua zenye mapishi. Nilimwonea wivu kwa barua hizo. Bibi hakuacha hata mstari mmoja. Alipima kwa kiganja na kwa jicho. Lakini Jaffrey anaeleza pia kwamba alipozaliwa, bibi yake alichovya kidole katika asali akamwandikia neno takatifu ulimini. Hapo nikakifunga kitabu. Kidole cha Bibi nikakionja upya mdomoni: uji wa mchele wa vuguvugu, mzito, wenye harufu ya nazi, akiuchota katika kisufuria kidogo huku sinia limekaa tayari limepakwa samli.

Sasa uji ule ulikuwa wa nini? Siku zile hakukuwa na mgonjwa nyumbani, wala si Ramadhani. Nikampigia mama mdogo.

"Ule ndio unaoshika mkate, mwanangu. Wewe ulikuwa ukionjeshwa tu, uliobaki wote ukirudi ndani."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Miaka yote hii kipimo nilichokitafuta nilikuwa nimekimeza.

Basi nilivyofanya ni hivi. Mchele vikombe 2 uliolala majini usiku kucha, nikausaga na tui zito. Nikachota upawa mmoja wa rojo, nikalizimua kwa maji nusu kikombe, nikalipika kwa moto mdogo nikikoroga bila kuacha mpaka likang'aa. Hapo wanga umeshaiva, hautuami tena, na unabeba ule mbichi. Uji upoe kabisa kabla ya kurudishwa, maana hamira hufa kwenye joto kali. Kisha sukari, iliki, hamira, na mwisho ute wa yai 1. Kwa joto hili la kaskazi hauhitaji kusubiriwa sana. Moto wa chini uwe wa kunyapia; matundu yakishatokea juu, ndipo unapalia makaa kwenye mfuniko.

Kuhusu vyombo: blenda naikubali, ila isage kwa vipindi, maana ikizunguka mfululizo inapasha rojo moto. Tui la kopo silitaki hapa. Mengi yametiwa vitu vya kuyafanya mazito, na unapotafuta uzito sahihi wa rojo huwezi kujua unapima nini. Mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia vinatosha. Ovyo kabisa kwa kazi hii ni oveni yangu ya umeme, inakausha juu kabla kati hakujapata joto.

Mpango ulikuwa nikimaliza hapa niingie mkate wa mofa, na udongo wa kufinyangia mofa, yaani tanuri lake, nilishaagiza. Utasubiri. Mama mdogo amekumbuka kwamba vibibi vya Bibi, vile vikate vidogo vya mchele na nazi, vilitiwa uji uleule, tena kwa wingi zaidi, na tangu aliposema hivyo sifikirii kingine. Mchele umesharowekwa. Kesho naanza na pawa mbili.