Mchana Ule Ukumbini kwa Shangazi

Ampu, kikuza sauti cha gitaa langu, aliniletea binamu yangu kutoka Marekani mwaka 2011: Fender Deluxe Reverb, wati 22, spika moja ya inchi 12, valvu mbili za 6V6, zile taa za kioo za kukuzia sauti, zikiisukuma. Lilitaka volti 120, pungufu ya umeme wetu, hivyo kila lilikokwenda lilifuatana na transfoma nzito kama jiwe la kusagia.

Nilikuwa na kiu ya sauti moja tu, ya bluzi: ile nene, yenye joto, inayotaka kupasuka lakini haijapasuka. Nilikuwa nimeisikia kwa B.B. King, mpiga gitaa la bluzi wa Marekani, ambaye mwaka 1974 alipiga hadi Kinshasa. Nyumbani niliiacha voliyumu kwenye 2 kwa sababu ya majirani, kisha nikachomeka kisanduku cha distoshen, kile cha kukanyaga kwa mguu ili sauti ikwaruze. Kikanipa mlio wa nyuki ndani ya kopo. Kumbe valvu haziamki kwenye 2, zinataka zisukumwe.

Jumamosi moja saa nane mchana nikalibeba ampu hadi ukumbi wa dansi wa shangazi yangu, Tanga. Watu hawajafika, yeye anapanga viti.

"Shangazi, nitapiga kelele kidogo."

"Piga mwanangu, wateja bado."

Kisanduku nikakitoa. Voliyumu ya ampu nikaipandisha: 3, safi mno, 4, sauti ikaanza kunenepa, 6, ikakwaruza kila nilipogusa uzi. Nikarudi kwenye 5. Besi ilikuwa imegeuka uji, nikaishusha hadi 3, maana valvu zikishasukumwa besi ndiyo ya kwanza kuvurugika. Kwenye gitaa nikachagua pikapu, kile kinasa mlio wa nyuzi, ya karibu na shingo, na voliyumu yake nikaipunguza hadi 7. Hapo ndipo nilipopashangaa, na mpaka leo napashangaa: nikigusa kwa nyama ya kidole gumba, sauti safi, nikikaza mkono, inapasuka kidogo pembeni kisha inatulia. Mguu wangu haukuwa na kazi tena.

Nikavuta uzi wa pili polepole, nikauacha ulie.

"Hapo!" Shangazi alisimama na kiti mkononi. "Hapo usiguse tena. Sasa linaongea kama mtu aliyelia usiku kucha, asubuhi anakusalimia."

Sijawahi kuisikia sauti ile ikielezwa vizuri kuliko hivyo, na shangazi hajawahi kushika gitaa. Nikatafuta chaki, nikaweka alama kwenye kila namba.

Usiku ukumbi ulijaa. Wimbo wa kwanza gitaa likasikika limefunikwa blanketi: miili na nguo za watu zinameza sauti za juu. Roho ikaniruka. Nikainama, nikaivusha trebo, kitufe cha sauti za juu, alama ya chaki kwa nusu namba, nikavuta uzi uleule, nikamtazama shangazi kule kaunta.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuhesabu chenji.