Vigae vya Kisimani

Kitindamimba wangu alirudi kutoka shuleni juzi akiwa amenuna, kwa sababu darasa lao limemchagua kiranja ambaye, kwa maelezo yake, huwaandika wapiga kelele kwa upendeleo. Alikula kimya, kisha akauliza: “Baba, kwa nini kuna kura ya kumweka mtu na hakuna kura ya kumwondoa?” Nikamjibu kwamba kura hiyo iliwahi kuwapo huko Athene ya kale, Ugiriki, na kwamba nimeziona kwa macho yangu karatasi zake, isipokuwa hazikuwa karatasi. Mama yake akaanza kukusanya vyombo, kwa kuwa anaijua sauti yangu inapoelekea kwenye habari za meli, na mtoto mwenyewe alilala kabla sijafika bandarini.

Tulikuwa tumefunga gati Piraeus, bandari ya Athene, tukisubiri kipuri, na Mzee Mitambo, mhandisi mkuu wa meli yetu, ambaye kwa kawaida hashuki hata kununua sabuni, alitangaza kwamba anataka kuwaona hao waliotuanzishia mambo ya uchaguzi. Safari yenyewe ya treni hadi Athene haina la kusimulia, ila reli ile inapita ndani ya mtaro uliokatwa katika Agora, uwanja wa soko na siasa wa Waathene, kwa hiyo tulikwisha kuuvuka uwanja wao kabla ya kununua tikiti ya kuingilia. Jumba la makumbusho limo katika Stoa ya Attalos, baraza ndefu ya nguzo yenye ghorofa mbili, ambayo wanaakiolojia wa Kimarekani wanaochimba hapo tangu 1931 waliijenga upya kati ya 1953 na 1956.

Sanamu alizipita kana kwamba anachelewa zamu. Kilichomsimamisha kwanza ni mitungi ya udongo ya kupimia muda wa kuzungumza mahakamani, mmoja umeinuliwa juu ya mwingine, ule wa juu ukiwa na mrija mdogo karibu na kitako. Mtungi hushika lita sita na kidogo, na maji huisha kwa muda wa dakika sita hivi. Yakiisha, mzungumzaji amekwisha. Chini kidogo ya ukingo kuna tundu, ili maji yanayozidi yamwagike yenyewe na asipatikane mtu wa kumjazia rafiki yake zaidi ya mwenzake. Mzee Mitambo alilitazama tundu lile kwa muda mrefu, akasema, “Aliyetengeneza hiki aliwahi kuibiwa.”

Kuanzia hapo niliviona vitu vyote kwa jicho lake. Lilikuwapo bamba la marumaru lenye safu za vipenyo, ambamo vibao vyenye majina vilichomekwa, kisha vipira vyeupe na vyeusi vikateremshwa kwenye mrija wa pembeni ili bahati iamue safu ipi ya watu itahukumu siku hiyo, na asijue mtu mapema amhonge nani. Vilikuwapo visahani vya shaba vyenye kijiti kifupi katikati, kura za mahakamani: kila hakimu alipewa viwili, chenye kijiti kilicho wazi ndani kama mrija kikiwa cha mshtaki, na chenye kijiti kilichojaa kikiwa cha mshtakiwa. Unakishika kijiti kati ya kidole gumba na cha shahada, ncha zote mbili zikifunikwa, na aliye nyuma yako hajui umetumbukiza kipi. Nimewahi kukaa kituoni kama karani wakati wa uchaguzi, nikilinda sanduku na wino, na nilijikuta nawaheshimu watu hawa kwa jinsi wasivyoaminiana. Sisi wawili, hata hivyo, tusingegusa hata kimoja cha visahani vile, kwa maana wageni, watumwa na wanawake hawakuwa na kura.

Kisha tukafika kwenye vigae.

Mara moja kwa mwaka Waathene waliulizwa kama wanataka kumfukuza mtu. Wakikubali, siku ya kura kila raia alikuja Agora na kipande cha chungu kilichovunjika, amekwaruza juu yake jina la amtakaye aondoke. Vigae vikifika 6,000, mwenye jina lililotajwa zaidi aliondoka mjini kwa miaka 10, bila mashtaka na bila kunyang’anywa mali. Mbele yetu kabatini vilipangwa vingi vya namna hiyo, na vingine vilikuwa vitako vya vikombe, mviringo mzima, vimepakwa ile rangi yao nyeusi inayong’aa. Ncha kali ilipopita, weusi ulibanduka na udongo mwekundu ukajitokeza, kwa hiyo herufi zilionekana kana kwamba zimekwaruzwa asubuhi ile.

“Kijana, njoo usome,” akaniita.

“Sijui Kigiriki, Mzee.”

“Hata mimi sijui. Njoo usome hivyo hivyo.”

Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea na ameinama hadi pumzi yake ilikuwa ikitia ukungu kwenye kioo, na mlinzi alikuwa ameanza kusogea. Akanionyesha kwa kidole, bila kugusa, kitako kimoja, kisha kingine cha safu ile ile, kisha cha tatu. Jina lilikuwa moja, Themistokles mwana wa Neokles, lakini si hilo alilotaka nilione. Alitaka nione mistari inavyoinamia upande mmoja, nafasi inavyobanwa mwishoni mwa neno, duara lenye alama ndani linavyofungwa kwa mkwaruzo wa haraka. Mzee huyu alikagua madaftari ya zamu kwa miaka mingi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumkamata yule anayekaa Ijumaa na kujaza vipimo vya joto la mafuta vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. “Hawa hawakuandika,” akasema polepole. “Hawa waliandikiwa.”

Baadaye nilipojisomea nikakuta kwamba alikuwa sahihi kuhusu mikono. Mwaka 1937 wachimbaji walifungua kisima kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha mahekalu kilicho juu ya Agora, wakakuta vigae 190 vyenye jina la Themistokles, na wataalamu waliochunguza mwandiko walihesabu waandishi 14 tu. Na aliyeandikiwa alikuwa nani? Ndiye aliyewashawishi Waathene watumie fedha ya machimbo ya Laurion kujenga merikebu 200, akawaongoza kuwashinda Waajemi katika vita vya baharini vya Salamis mwaka 480 KK, na ndiye aliyeanza kuizungushia ngome Piraeus, bandari ile ile tuliyokuwa tumefunga gati. Takriban miaka 9 baada ya Salamis walimfukuza, naye akaishia kupewa hifadhi na mfalme wa hao hao Waajemi.

Ndani ya treni tulibishana, na hatujamaliza hadi leo. Mzee Mitambo anashikilia kwamba ni kazi ya wapambe: wamekaa chumbani na rundo la vikombe vibovu, wanakwaruza, kesho wagawe. Mimi namwambia kwamba si kila raia alijua kuandika, na huenda kuna waliokaa kando ya njia kuwaandikia wenzao kwa hisani au kwa ujira, kama vile kituoni kwetu asiyejua kusoma huja na mtu wa kumsaidia, na tukamruhusu. Ananiuliza mbona basi jina ni moja tu, ikiwa walikuwa wakimwandikia kila mtu alitakalo. Hapo huwa sina jibu la haraka. Naye nikimuuliza mbona wapambe wakaitupa mali yao kisimani, hunijibu kwamba huenda ni ziada, nyingine zilikwisha kupigiwa.

Mara ya mwisho nilimwambia kwa simu kwamba 190 katika 6,000 si kitu. Akanyamaza, kisha akanikumbusha kwamba yeye aliukosa uenyekiti wa chama chetu cha akiba kwa kura saba, na kwamba karatasi zile hadi leo hajaonyeshwa mwandiko wake.