Kumzoesha Mtoto wa Mbwa Kuishi na Kuku

Wengi wakileta mtoto wa mbwa kwenye ua wenye kuku huuliza ataachwa huru lini. Swali hilo nalielewa, lakini kila nikilifikiria naona linaanzia mwishoni. La kwanza ni hili: je, mambo yamepangwa kiasi kwamba hawezi kumfukuza kuku hata mara moja? Nikitakiwa kuitaja kazi hii kwa maneno machache, nitasema ni kuzuia mbio za kwanza.

Sababu imo kwenye kitendo chenyewe. Kufukuza humpa mbwa raha papo hapo, hata asipokamata kitu. Kuku akipiga mabawa, akipaza sauti na kukimbia, mbwa ameshalipwa, na malipo hayo yanazidi kipande chochote cha nyama kilicho mkononi mwako. Ndiyo maana mbio fupi tu huweza kubomoa kazi ya wiki kadhaa. Tena kuku wengi wanaouawa na mbwa wachanga hawauawi kwa njaa. Wanachezewa: wanarushwa, wanakandamizwa kwa miguu ya mbele, wanabebwa mdomoni mpaka wanakufa kwa majeraha au kwa mshtuko. Mtoto wa mbwa hana ubaya moyoni, lakini kuku ndiyo ameshakufa, na mchezo umemkolea.

Asili ya mbwa wako ina neno lake hapa. Windo huenda kwa hatua: kuona, kukaza macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua, kurarua. Kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, binadamu amekuza baadhi ya hatua hizo na kufifisha nyingine. Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, hukaza macho na kunyemelea kwa nguvu mno. Mbwa wa jamii ya teria walikuzwa waue panya na wanyama wadogo, kwa hiyo hufika mwisho wa safari haraka. Walinzi wa mifugo kama Maremma na Anatolian Shepherd hatua hizo kwao ni hafifu, ila nao wakiwa vijana huchezea kuku kwa nguvu, na wafugaji wazoefu hawawaachi peke yao na kuku kabla ya miezi 18 hadi 24. Kwa chotara usiyemjua wazazi, mtazame anavyocheza na tambara linaloburutwa: anayekimbia nyuma yake tu si sawa na anayelidaka na kulitikisa huku na huku kwa kichwa.

Wiki ya 3 hadi ya 14 ndiyo kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kama sehemu ya maisha. Wengi hufika nyumbani wakiwa na wiki 8, kwa hiyo muda uliobaki ni mfupi. Awaone kuku, awasikie, azinuse harufu zao kila siku tangu siku za mwanzo, akiwa nyuma ya kizuizi. Ila kuwazoea na kujizuia ni mambo mawili. Uwezo wa kujizuia huja polepole, na ujana wake, kuanzia karibu miezi 6, ndio unaowaumiza watu waliodhani kazi imekwisha kwa sababu alikuwa mpole akiwa na miezi 4.

Anza na uzio. Wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita huzuia kuku wasitoke, lakini mbwa mwenye nia huupasua kwa meno. Sehemu ya chini, angalau sentimita 60 kutoka ardhini, weka wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya milimita 13 hadi 25. Matundu makubwa zaidi yana hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kuku hutoa kichwa nje kudonoa majani, na mbwa hukidaka hapohapo. Kimo kisipungue mita 1.5. Chini, laza kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, kikielekea nje, kisha kipigilie vigingi vya chuma na ukifunike udongo. Mbwa huchimba pale pua yake inapogusa uzio. Hafikirii kurudi nyuma nusu mita. Komeo la mlango liwe la kufunguliwa kwa vidole, lisisukumike kwa pua.

Kabla hujamsogeza kwa kuku, neno "Acha" lifundishwe ndani ya nyumba. Ficha kipande cha chakula kikavu kwenye ngumi na umwachie alambe na kukwaruza. Nyamaza. Anapovuta pua nyuma, sema "Safi" na umpe kipande kitamu zaidi kutoka mkono wa pili. Baadaye fungua kiganja, kisha weka kipande chini ya kiatu, kisha sakafuni bila kukifunika, na mwisho kiviringishe kipite mbele yake. Hatua hii ya mwisho hairukwi hata kidogo. Kuku hakai tuli, na mbwa aliyejifunza kuacha vitu visivyotembea hajajifunza kuacha kuku. Mfundishe pia "Njoo" na kulala kwenye mkeka wake.

Sasa twende uani. Mvishe mkanda wa kifuani wenye kamba ya mita 2, kuku wakiwa ndani ya uzio, na simama mbali, mita 10 hadi 15. Chagua wakati ambao kuku wameshiba na wametulia. Asubuhi wanapofunguliwa na saa ya kulishwa siyo wakati wake, kwa sababu hukimbia na kupiga mabawa. Kipindi kimoja kiwe dakika 3 hadi 5, mara tatu au nne kwa siku. Mbwa awe amejisaidia na amekimbia kidogo, lakini asichoshwe. Watoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na aliyekosa usingizi huwa na meno mepesi.

Kazi ya mafunzo ni hii: anapomtazama kuku, subiri. Akigeuza kichwa kwako kwa hiari yake, sema "Safi" na umpe kipande kisichozidi punje ya harage. Usimwite jina, usivute kamba. Asipoweza kugeuka ndani ya sekunde tatu au nne, umesimama karibu mno. Rudi nyuma mita kadhaa uanze upya. Umbali ndio chombo chako kikuu, na hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Akimaliza vipindi vitatu mfululizo bila kukaza macho, sogea mita 1.

Mwili wake ndio utakaokuambia uko wapi. Mdomo ukifungwa ghafla, masikio yakaelekea mbele, mkia ukasimama bila kutikisika, mguu mmoja wa mbele ukainuka, hapo kunyemelea kumeshaanza hata kama hajapiga hatua. Mlio mwembamba wa kulalama nao ni dalili ya hamu iliyopanda. Dalili njema ni mdomo uliolegea, mwili unaojipinda, kunusa ardhi, kujikuna, kutazama kwingine. Kusema kweli, namwamini zaidi mbwa anayenusa majani akiwapa kuku mgongo kuliko yule anayekaa wima kwa utii huku amewakodolea. Huyo wa pili amezuiwa; hajazoea. Lengo ni kuku wawe kitu cha kila siku kisichomhusu.

Akishaweza kulala kando ya uzio, ongeza mwendo wa kuku. Mtu mwingine arushe nafaka ndani wakimbilie, nawe urudi na mbwa umbali wa mita 6 au 8 kwanza. Kuku akioga vumbi hupiga mabawa chini na kuonekana kama anayekata roho, na mbwa aliyekuwa ametulia wiki nzima huweza kuruka kwa hilo tu. Mwonyeshe jambo hilo kwa mbali mara nyingi.

Kukutana bila uzio kati yao kusubiri hadi hatua zote hizo ziwe za kuchosha. Tumia kamba ndefu, mita 5 hadi 10, isiyo na kitanzi mwishoni ili isinase kwenye vigingi, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Ikifungwa shingoni, mbwa akifika mwisho wa kamba kwa kasi huumia. Vaa glavu, kwani kamba ikipita mkononi huunguza ngozi. Anza na kuku wawili au watatu wakubwa, wapole. Mwenye vifaranga asiwepo, na jogoo mkali asiwepo. Wako wanaosema mwachie kuku amdonoe ili ashike adabu. Sikubaliani nao: mdomo wa kuku hulenga jicho, kipi cha jogoo huchana, na mbwa aliyeumizwa huweza kujibu kwa meno.

Ikitokea amekurupuka, usipige kelele wala usikimbie nyuma yake, maana utaongeza shamrashamra. Kanyaga kamba, mwondoe kimya, na kipindi kinachofuata kianzie mbali mara mbili ya pale alipoteleza. Wako wanaomfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni ili akome, lakini hilo halimfundishi lolote: mbwa huunganisha tendo na matokeo yaliyofuatana ndani ya sekunde chache, na mzoga wa siku tatu hauhusiani kichwani mwake na mbio za juzi. Ni uchafu na ni mateso. Kumpiga, au kumvisha mkanda wa umeme, kunaweza kumfanya ahusishe maumivu na kuku waliokuwa mbele yake, akawaogopa au akawachukia.

Michezo yake nayo ina uzito. Wanasesere wanaolia wakibanwa na wenye manyoya wasiwepo. Mlio huo uko karibu mno na wa kifaranga. Kati ya miezi 4 na 6 meno yanabadilika, na kila kitu huingia mdomoni, kwa hiyo mpe vitu vigumu vya kutafuna kabla hajavitafuta mwenyewe. Mayai yakusanywe angalau mara mbili kwa siku. Akishaonja la kiotani, atakirudia kiota.

Mambo machache ya afya. Kinyesi cha kuku huweza kubeba Salmonella na Campylobacter, bakteria wanaoharisha, kwa hiyo mzuie kukila. Chakula cha kuku kilichotiwa monensini, dawa ya kuzuia vimelea vya utumbo wa kuku, ni hatari kwa mbwa. Kihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana. Sumu ya panya isiwekwe mahali pua inapofika. Kagua masikio na pembeni mwa macho yake, kwani viroboto wa kuku wanaong'ang'ania ngozi huhamia hata kwa mbwa.

Mbwa aliyezoea kuku wakubwa hajazoea vifaranga wala bata. Bata hutembea kwa kundi na kugeuka pamoja, jambo linalowasha hamu ya mbwa wa kuchunga kuliko kuku yeyote. Kila aina mpya inataka uzio, umbali na kamba upya, ingawa mara hii hatua huenda haraka zaidi.

Kuhusu kuachwa huru, nashikilia mwaka mzima bila hata jaribio moja la kufukuza, kisha dakika 10 ukiwepo, kisha nusu saa. Usiku na unapotoka nyumbani, kila mmoja akae upande wake wa uzio. Ukiwa na mbwa wawili, wafunze mmoja mmoja na usiwaache pamoja na kuku hata kama kila mmoja ni mtulivu akiwa peke yake, kwa sababu mmoja akianza kukimbia wa pili hufuata kabla hajaona anachokimbilia.