Hapo Zamani za Kale, Mjini Paris

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo mjini Paris nilifikia kwa binti wa mama yangu mkubwa, ambaye kwetu Tanga ni dada tu, na jioni moja ya baridi nilimshawishi tukaangalie Un Chien Andalou, filamu ya kimya ya mwaka 1929 iliyobuniwa na Luis Buñuel pamoja na Salvador Dalí. Sikumweleza mengi, kwa kuwa nami nilijua jina lake tu, jina linalomtaja mbwa asiyetokea hata mara moja.

Maandishi ya kwanza kwenye skrini yalisema "Hapo zamani za kale", nami niliyelelewa kwa hadithi za bibi nikajikuta nimejiweka sawa kitini, kana kwamba mtu amesema "Paukwa" nami nimekwisha kuitikia "Pakawa". Akatokea Buñuel mwenyewe akinoa wembe. Akautazama mwezi, wingu jembamba likaupita, kisha wembe ukapita kwenye jicho la mwanamke aliyeketi kimya. Dada alijifunika uso kwa mtandio.

Watu hulizungumzia sana jicho hilo. Mimi naona ujanja mkubwa zaidi umo katika maandishi: "Miaka minane baadaye", na hakuna aliyezeeka, "Miaka kumi na sita kabla", na watu ni walewale, chumbani mlemle. Nilisoma baadaye kwamba wabunifu hao wawili walikataa kila picha ambayo akili ingeweza kuieleza, na kwamba siku ya kwanza Buñuel alisimama nyuma ya skrini akibadilisha santuri, mara muziki wa Mjerumani Wagner, mara wa dansi ya tango, huku mifukoni ana mawe, kama alivyosimulia mwenyewe, endapo watazamaji wangemgeukia. Walimpigia makofi.

Dada alinyamaza mpaka tulipofika kituo cha metro.

"Yule mama," akaniuliza, "jicho lake lilipona lini?"

Kumbe alikuwa akichungulia, akamwona mwanamke yuleyule katika onyesho lililofuata, macho yote mawili mazima. Nikamfahamisha, kwa majivuno kidogo ya mwanafunzi, kwamba jicho lililokatwa lilikuwa la ndama aliyekwisha kufa.

"Sikukuuliza walivyolikata, mdogo wangu," akasema. "Nimekuuliza lilivyopona."