Msiba wangu ulianza kuchekesha nilipomfukuza mchekeshaji

Prodyuza mmoja mwenye jina mjini alisoma hadithi yangu akaniambia, "Mdogo wangu, watu hawatoi hela waje kulia. Tia mchekeshaji." Filamu yenyewe ni fupi: mjane wa Kizaramo, Mbagala, anataka kumzika mumewe, watani wa Kinyamwezi wamekamata majembe, hazikwi mtu mpaka walipwe. Basi nikatii. Mchekeshaji akaja na mto tumboni na suruali imepandishwa kifuani, kila akipita anatumbukia kaburini, mhariri naye akamwekea vimuziki. Nikawaonyesha majirani, wakacheka alipoanguka mara ya kwanza. Filamu kufika mazishini, wako kwenye simu zao.

Baadaye nikasoma kuwa mwongozaji Stanley Kubrick, kwenye filamu yake Dr. Strangelove ya 1964, ile ya kucheka na bomu la nyuklia, alipiga sini nzima ya wakubwa kurushiana keki, kisha akaitupa. Ilikuwa mzaha mtupu, na waigizaji walionekana wakijifurahisha. Nikasema ndiyo hiyo! Mtu wangu alikuwa anajua kwamba anachekesha.

Nikapiga upya sini ya kaburi. Mtani nikamchukua jirani, Mnyamwezi wa kweli, hajawahi kuigiza. Nikamwambia pembeni asitoke shimoni bila elfu ishirini. Dada anayeigiza mjane nikamnong'oneza lake: rambirambi wamechukua mashemeji, wewe una elfu tano tu kwenye simu. Hakuna aliyejua la mwenzake. Kamera nikaiweka mbali, isisogezwe. Jamaa akalala chali: "Mimi nimewahi foleni, huyu wenu asubiri." Mjane akaomba apunguziwe, kama yuko Kariakoo. Wakavutana mpaka elfu tano. Jamaa akataja namba yake: "Na utume na ya kutolea." Hilo sikuliandika mimi! Mpiga picha aling'ata kofia. Kisha yule dada akauliza, sauti ya kawaida kabisa, kama anaweza kurudishiwa elfu mbili watoto wapande daladala.

Majirani wale wale walicheka mpaka hapo, kicheko kikakatika. Nilichokuwa nakitafuta ni hicho. Muziki sikuweka, wala usiweke picha ya mtu anayecheka kumfundisha mtazamaji.

Gharama ni laki mbili na ushee, nusu yake pilau. Makaburini usiende, utasumbuliwa. Sisi tulichimba nyuma kwa shangazi, na mpaka leo anadai tukafukie.