Kengele, maharagi na maombi: kutoka Goma hadi chuo cha theolojia Bukavu

Tiketi ya kanoti rapidi, yaani boti ya mwendo kasi, hukatwa siku moja kabla, bandarini Goma, na mkataji hataki dola yenye mchaniko hata wa upana wa ukucha. Kagua noti zako nyumbani.

Safari hii ni ya Novemba 2024. Mapigano yalikuwa yameikata barabara ya Sake na Minova tangu mapema mwaka huo, na mizigo iliyozoea kupanda malori ikahamia Ziwa Kivu. Oktoba 3, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapo Goma, ufukwe ukionekana, na watu wengi wakafa. Kwa hiyo vaa jile, koti la kuelea, kabla hujakaa, ufunge kamba zote. Keti nyuma. Mbele kanoti hurukaruka na mgongo ndio unaolipa. Kuelekea kusini, kisiwa cha Idjwi hubaki mkono wa kushoto, na asubuhi utapishana na wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wakirudi na mitumbwi yao mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu. Ndani ya saa tatu hivi unaziona rasi tano za Bukavu. Kutoka bandarini ni pikipiki, halafu kilima, halafu matope.

Mgeni wa chuo hupewa vitu viwili: kitanda na bidoni, dumu la maji la njano la lita 20. Bidoni ndiyo muhimu. Bomba likikauka, mvua ya mfereji wa bati ndiyo inayookoa, na foleni ya kuchota huanza kabla ya kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, nayo hugongwa kwa nondo saa kumi na moja alfajiri. Nusu saa ya kwanza ni ya ukimya, kila mtu na Biblia yake. Saa kumi na mbili kamili ni ibada.

Ibada huchukua dakika 30, na mwanafunzi mmoja huhubiri kwa dakika 12. Mwenzake huketi benchi la mbele na saa mkononi. Kosa la kila wiki ni utangulizi: salamu, shukrani kwa viongozi, wimbo, ushuhuda, na andiko linasomwa zikiwa zimebaki dakika nne. Jioni wenzake humkosoa kwa maswali matatu tu: andiko lilisema nini, wewe umesema nini, na mama muuza ndizi angeondoka na nini? Swali la tatu huwaumiza wengi, kwa sababu masomo ni kwa Kifaransa na maombi ni kwa Kiswahili. Neno lililoeleweka darasani saa nne linaweza kukosa mwili mimbarani alfajiri.

Wanafunzi hutoka jumuiya tofauti za Kanisa la Kristo katika Kongo, muungano wa Waprotestanti wa mwaka 1970 ambao jumuiya zake hujulikana kwa namba: 3 CBCA ya Wabatisti, 5 CELPA na 8 CEPAC za Wapentekoste, na nyingine. Mpentekoste huomba kwa sauti, wote kwa pamoja. Mbatisti amezoea mmoja aombe na wengine waitike amina. Wakiachwa hivyo hivyo, wa kwanza huona wa pili wamelala, na wa pili huona wa kwanza wanapiga kelele. Dawa niliyoiona ni ya saa tu: dakika tano wote kwa sauti, dakika mbili kimya, kisha mmoja afunge.

Vikundi vya maombi vina watu saba au wanane. Orodha huchanganya makabila, miaka ya masomo, waseja na wenye ndoa, na hubadilishwa kila muhula. Kikundi kisichobadilishwa hugeuka kanisa dogo lenye siri zake, na baadaye kambi ya uchaguzi wa wanafunzi. Ugomvi hufuata Mathayo 18: kwanza wawili peke yao, kisha na shahidi mmoja au wawili, mwisho mbele ya wote. Wengi hupenda kuruka hatua ya kwanza, na hapo mchungaji wa chuo huwarudisha nyuma bila kusikiliza neno.

Lakini kama ungeniuliza chuo kinashikiliwa na nini, ningekupeleka jikoni. Zamu ya watu wanne hupika kwa ajili ya 40: kilo 6 za maharagi, kilo 12 za unga wa bugali (ugali), nusu mahindi na nusu muhogo. Mahindi huanza, yakitokota kama uji, muhogo hufuata. Ukigeuza mpangilio unapata madonge. Maharagi ndiyo yenye kesi. Kwenye mita 1,500 hivi maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100, kwa hiyo yasiyolowekwa usiku hula makaa mara mbili na bado yanauma meno.

"Mtumishi, hii maharagi haikulala mu mayi," alisema mama wa zamu siku ya Jumanne, bila kuinua macho kwenye sufuria. Chakula kilitoka saa tisa badala ya saa saba. Vipindi vya mchana vilisogea, vikundi vya maombi vikakosa muda, na mwanafunzi aliyesahau kuloweka akaomba msamaha kwenye ibada ya kesho yake. Walimsamehe, kisha wakampa zamu ya Alhamisi tena.

Jumatano hakuna kupika mchana, ni mfungo hadi saa tisa. Wanaonyonyesha na wagonjwa hula, na hakuna anayewauliza. Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi: mifereji, vyoo, ngazi za udongo ambazo mvua imezila. Jumapili wanatoka wawili wawili kwenda makanisa ya Kadutu, Bagira na Ibanda, mitaa mikubwa ya Bukavu, Biblia zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vya kuhubiria mkononi na kandambili miguuni hadi mlangoni.

Nilirudisha bidoni Jumapili hiyo, ikiwa imejaa. Ndivyo mgeni anavyoaga pale.